Anwani za Kompyuta za Jengo la Chini

Nilipoolewa Kikima nilikuja na sanduku la nguo, godoro, na mfuko wa turubai uliojaa bisibisi, koleo na vipande vya kebo. Mama mkwe aliupokea ule mfuko kwanza, akidhani ni zawadi ya nyumba, akaufungua mbele ya wanawake wa kanisa waliokuja kunikaribisha. Alitoa koleo la kubania vichwa vya kebo, akaligeuzageuza mkononi.

"Hili ni la kung'olea meno?" akauliza.

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia ni kifaa changu cha kazi. Akalirudisha taratibu mahali alipolitoa, akaubeba mfuko mwenyewe hadi chumbani kwangu, na tangu siku ile hakuna mtu wa boma lile aliyeuchezea.

Mimi ni mzaliwa wa Mbumbuni. Nilisomea mambo ya mawasiliano Nairobi, kisha nikafanya kazi na watu waliokuwa wakipitisha kebo za kompyuta katika ofisi za mjini. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati kompyuta zilipoanza kufika hata kwetu Ukambani, nyingi zikiwa zimetumika ng'ambo na kuletwa na makanisa. Mume wangu alikuwa mwalimu huko Mutomo, kusini mwa Kitui, ambako maji ni ya shida na mbuzi ni wengi kuliko watu. Alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki Kikima kwa wazazi wake, kwenye baridi na ukungu na mashamba ya kahawa yaliyokatwa matuta hadi juu kileleni.

Karibu na kwetu palikuwa na chuo cha ufundi cha kanisa. Nilisikia wanatafuta mtu wa kompyuta, nikaenda. Prinsipali aliniuliza maswali matatu manne, nikayajibu, na kabla chai aliyonikaribisha haijapoa nilikuwa nimepewa kazi. Sikushangaa. Kompyuta nilizijua, tena nilijua kwamba nazijua.

Tatizo lilikuwa moja tu: mwenyekiti wa bodi ya chuo alikuwa baba mkwe wangu.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwaka. Siku ya mahojiano yangu alitoka nje ya chumba, asije akaambiwa amempendelea wa kwake. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Kwetu kuna kitu tunachokiita nthoni, ile aibu ya heshima kati ya wakwe. Mke wa mtoto hamkazii macho baba wa mumewe, hali naye meza moja, wala hawapigi soga. Wengi walikuwa wamekwisha kuiacha. Yeye hakuiacha. Akiwa na neno kwangu alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaniletea. Nami nikiwa na jibu, lilipita njia ile ile. Tuliishi hivyo kwa amani. Akipita uani nilisogea kando, naye alikohoa kidogo kabla hajafika ili nijue anakuja.

Chuo kilikuwa na jengo la juu na jengo la chini. Jengo la juu ndilo la zamani, lenye ofisi na chumba cha kwanza cha kompyuta. Humo ndimo ilimokaa seva, ile kompyuta kubwa iliyotunza mafaili ya wote na alama za wanafunzi. Jengo la chini lilikuwa jipya, limejengwa mteremkoni, na chumba chake kikubwa kilikuwa cha wasichana wa darasa la uhazili. Miaka yote walikuwa wakijifunza kwa taipureta zilizokwama herufi. Sasa walikuwa wamewekewa kompyuta mezani, zimefunikwa vitambaa walivyovishona wenyewe, na mtihani wao wa taifa ulikuwa unakaribia. Mtihani huo ulitaka waandike kwa kompyuta, wahifadhi kazi yao kwenye seva, na waichapishe kwa printa iliyokuwa jengo la juu.

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameugawa mtandao vipande viwili, kipande cha juu cha ofisi na kipande cha chini cha wanafunzi, ili mwanafunzi asijikute ndani ya faili za ofisi. Wazo lake lilikuwa zuri. Vipande vyote viwili vilikutana kwenye swichi moja, kisanduku chenye matundu mengi ya kebo, kilichofungiwa kabatini juu karibu na dari ya jengo la chini. Lakini aliiacha kazi nusu, akapata ajira kwingine, akaondoka.

Nilipowasha zile kompyuta mpya mara ya kwanza, hazikuona kitu. Zilikuwa kama watu walioingia mji usio na barabara.

Sababu niliijua papo hapo. Kompyuta ikiamka haijui anwani yake. Hupiga kelele kwenye waya: nani atanipa anwani? Seva ikisikia, huchagua anwani na kuipa. Lakini kelele hiyo haivuki mpaka wa kipande chake. Kompyuta za chini ziliita, seva ilikuwa juu, na kati yao swichi ilikuwa imenyamaza. Dawa yake ni kuiambia swichi: ukisikia ombi la anwani kutoka chini, lichukue, lipeleke kwa seva ya juu, na jibu likirudi umpe aliyeomba. Ni mstari mmoja wa amri. Nilikuwa nimeuandika mara nyingi Nairobi.

"Kesho mtakuwa na mtandao," niliwaambia wasichana, nao wakapiga makofi.

Kesho yake nilivaa suruali, kwa sababu kabati ile ilihitaji ngazi, nikapanda na kompyuta ndogo ya mkononi, nikaiunganisha na swichi kwa kebo yake. Nilikuwa katikati ya kuandika nikasikia viatu vingi mlangoni. Ilikuwa bodi ya chuo, imekuja kukagua jengo jipya, na aliyetangulia alikuwa baba mkwe. Alikohoa, lakini safari hii kikohozi kilikuja akiwa amekwisha ingia. Nikatazama chini, naye akatazama juu, na alichokiona ni mke wa mwanawe akiwa ndani ya suruali, mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine kwenye ukingo wa dirisha.

Aligeuka akatoka. Bodi nzima ikageuka nyuma yake ikatoka pia, na ukaguzi ukaishia hapo.

Sikushuka. Kazi ilikuwa haijaisha, na kushuka kusingemfanya asione alichokwisha kuona. Lakini jioni nilipoingia jikoni kwa mama mkwe nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Alikuwa akichambua maharagwe.

"Baba yako ana neno," akaanza.

"Nakusikiliza, Mama."

"Anasema ngazi ile ya chuo ni mbovu. Kipandio cha tatu kimeoza. Atatuma seremala."

Nikangoja. Akaendelea kutupa mawe ya maharagwe nje ya ungo.

"Na suruali?"

"Suruali hakuitaja," akasema, akanitazama kwa jicho la pembeni. "Mimi pia sikuiuliza."

Ngazi ikatengenezwa. Lakini mtandao haukuja. Nilikuwa nimeuandika ule mstari mahali pake, upande wa chini yanakotoka maombi, wala si upande wa seva kama wanavyokosea wengi. Kwenye seva niliona kwamba fundi wa kwanza alikuwa amekwisha kutenga fungu la anwani za jengo la chini. Kila kitu kilikuwa sawa, na bado kompyuta za wasichana, zilipochoka kungoja, zilijipa zenyewe anwani za kubuni ambazo hazifiki popote.

Prinsipali alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka.

"Kwani huwezi kuziandikia anwani kwa mkono, moja moja?" akauliza. "Mtihani hauko mbali. Hao wa ng'ambo walioleta mashine nao wanauliza."

"Naweza, lakini haitasaidia."

"Utajuaje kabla ya kujaribu?"

Swali lilikuwa la haki. Nikakaa kwenye kompyuta iliyokuwa karibu, nikaiandikia anwani kwa mkono mbele yake, nikaiambia iite seva. Tukangoja. Seva haikujibu. Nikapanda tena kabatini, nikaiagiza swichi iite seva kutoka upande wa juu, ikajibiwa mara moja. Nikaiagiza iite kutoka upande wa chini. Kimya.

Hapo nikatabasamu, na prinsipali akaniuliza kwa nini nacheka shida.

"Kwa sababu sasa nimeijua. Twende juu."

Katika ofisi ya msajili, ilimokaa seva, nilimwomba msajili anifungulie ukurasa mmoja tu wa kutazama. Ulikuwepo ushahidi: seva ilikuwa imeyapokea maombi ya jengo la chini, tena ilikuwa imeyajibu yote. Maombi yalifika. Majibu ndiyo yaliyokuwa yakipotea. Seva ile ilikuwa imekaa maisha yake yote na majirani wa kipande chake, na hakuna aliyewahi kuiambia kwamba ukitaka kufika ng'ambo ya pili unapitia kwenye swichi. Njia ya kutokea, ile tunayoiita lango, ilikuwa imeachwa tupu. Ilitaka kujazwa anwani moja tu.

"Nipe nafasi niijaze," nikamwambia msajili.

Akasimama akaweka mkono juu ya seva kama mtu anayemzuia ndama asitoke zizini.

"Dada, hapana. Kutazama nimekuruhusu. Kubadilisha, hapana."

Alikuwa na sababu. Yule fundi wa kwanza aliwahi kubadilisha kitu kidogo kwenye mashine ile, akasema ni cha dakika, na alama za muhula mzima zikatoweka. Msajili alizunguka kwa walimu mmoja mmoja akiomba karatasi za zamani. Tangu hapo aliapa hakuna mkono utakaoigusa seva bila ruhusa ya mwenyekiti wa bodi. Prinsipali alijaribu kumlainisha, akakataa, na kwa kweli nilimheshimu kwa kukataa kwake.

"Basi mwenyekiti ni baba yako," prinsipali akaniambia tulipotoka. "Mwambie nyumbani."

Hakuwa Mkamba, prinsipali. Hakujua alichokuwa akiniambia.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilimkuta mama mkwe jikoni, nikakaa karibu naye nikachukua kisu nimsaidie viazi. Jiko letu lilikuwa la mbao, lenye nafasi kati ya ubao na ubao, na nyuma yake baba mkwe alikuwa akitengeneza pampu ya kunyunyizia kahawa dawa. Tulisikia chuma kikigonga chuma.

Nikamweleza mama mkwe jambo lote. Nikamweleza kompyuta zinazoita, swichi inayochukua maombi, na seva inayojibu lakini haijui njia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo swichi," akasema, "inabeba maneno ya huyu hadi kwa yule, na ya yule hadi kwa huyu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi naijua kazi yake." Akafuta mikono kwenye leso, akatoka.

Nilimsikia akizunguka jiko. Nikasikia sauti yake, kisha pampu ikanyamaza, kisha sauti ya baba mkwe ikapanda. Mama mkwe akarudi.

"Anauliza, ni mlango gani unaotaka kuufungua kwenye mashine ya alama? Anasema aliyeufungua mara ya kwanza ndiye aliyepoteza alama za watoto."

"Si mlango, Mama. Ni lango. Ni jina tu. Hakuna kinachofunguliwa."

Akatoka tena. Sauti zikapanda tena. Akarudi, safari hii akihema.

"Anasema lango na mlango ni kitu kimoja. Na anauliza, ikiwa njia haipo, maombi yalifikaje?"

Niliweka kisu chini. Lilikuwa swali zuri sana. Hata prinsipali hakuliuliza. Lilistahili kujibiwa vizuri, na mama mkwe, pamoja na mapenzi yake yote, asingeweza kulibeba jibu lake bila kumwaga nusu njiani. Naye alilijua hilo. Alikaa kwenye kigoda chake akanyoosha miguu.

"Mimi nimechoka," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Mzee, anayejua ni huyu. Muulize mwenyewe. Ukuta upo, hamtaonana."

Kuku walikuwa wakiparura nje na nikawasikia kila mmoja. Halafu nikasikia akikohoa, karibu kabisa, ng'ambo ya mbao.

"Mwalimu," akaniita. Hakuwahi kuniita chochote kabla ya hapo. "Maombi yalifikaje?"

Nikajibu nikiwa nimeuangalia ukuta.

"Baba, maombi yalibebwa na swichi, na swichi inaijua seva iliko kwa sababu nimeiambia. Kurudi ndiko kuna shida. Seva inataka kujibu, lakini anwani ya kujibia si ya kipande chake. Ikiwa na mtu wa karibu inampa mkononi. Ikiwa na mtu wa mbali inahitaji kujua ampe nani afikishe. Hapo ndipo pameachwa wazi."

"Kwa hiyo huondoi kitu. Unajaza palipo wazi."

"Ndiyo, Baba."

"Na alama?"

"Sigusi alama. Ziko mahali pengine kabisa ndani ya mashine. Lakini kabla sijafanya lolote nitazinakili kwenye diski, msajili akiona, na diski atakaa nayo yeye."

"Ukikosea?"

"Nitafuta nilichoandika, patakuwa wazi kama palivyokuwa. Lakini sitakosea."

Mama mkwe aliacha kumenya viazi. Nadhani alikuwa hajawahi kumsikia mtu akimwambia mzee neno la namna hiyo. Mimi nililisema bila kiburi, kama vile yeye angesema mvua ya vuli itafaa maharagwe. Nilikuwa na hakika.

Nje akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani.

"Sawa. Jumatatu nitakuwepo," akasema, na pampu ikaanza kugonga tena.

Jumatatu alikuja na koti lake, akakaa kwenye kiti karibu na mlango wa ofisi ya msajili, uso umeelekezwa uani. Nilikuwa nimevaa sketi siku hiyo, kwa kuwa hapakuwa na ngazi ya kupanda. Nilinakili alama kwenye diski, nikampa msajili, akaitia mfukoni mwa shati akafunga kifungo. Kisha nikakaa mbele ya seva nikaandika ile anwani moja, nikaisoma kwa sauti ili yeyote mwenye shaka aisikie, nikaikubali. Mashine ikataka kuzimwa na kuwashwa upya. Msajili aligeukia dirisha wakati ikizima. Ilipowaka, alifungua faili la alama kabla sijamwambia, akapitisha kidole kwenye kioo kutoka juu hadi chini.

"Zipo," akasema, akakaa.

Tukateremka wote hadi jengo la chini, mimi mbele, prinsipali na msajili wakifuata, na baba mkwe nyuma kabisa kwa umbali wa heshima. Wasichana walikuwa wakingoja na vitambaa mikononi. Nikawaambia wawashe. Zikawaka moja baada ya nyingine, na nikapita nyuma ya viti nikitazama anwani zilizopata. Zote zilikuwa halali, zote za fungu la jengo la chini, hakuna iliyofanana na nyingine. Nikamwambia msichana aliyekuwa mbele aandike mstari mmoja na kuutuma kwenye printa.

"Niandike nini?"

"Chochote."

Akaandika, akatuma, kisha akakimbia kupanda mteremko kwenda kuutafuta. Tulimsikia akipiga vigelegele kutoka jengo la juu kabla hatujamwona. Alirudi ameinua karatasi juu ya kichwa. Ilikuwa na salamu kwa mama yake, hiyo tu. Wenzake walimkumbatia mpaka karatasi ikakunjika.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliyatazama yale mambo kwa muda, kisha akamwambia prinsipali, kwa sauti ya kikao, "Andika kwenye kumbukumbu kwamba bodi imekagua jengo la chini, na imeridhika."

Wasichana walifanya mtihani wao kwenye chumba kile. Mashine hazikuyumba. Msajili naye alilegea kidogo. Alianza kunikaribisha chai, ingawa kila muhula alidai diski mpya ya alama, na nikampa kila muhula. Prinsipali alinitangaza kwa vyuo vingine vya kanisa, nikawa naitwa hadi Kitui mjini na Mwingi kutazama mitandao iliyokataa. Mingi niliiponya. Mmoja ulinishinda kwa sababu panya walikuwa wameila kebo ndani ya ukuta, na mwenye jengo alikataa ukuta wake ubomolewe.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi, mama mkwe alimsimulia yote akiwa bado hajaweka mkoba chini. Alinitazama, akamtazama mama yake.

"Baba alizungumza naye?"

"Kupitia ukutani."

"Mimi mwenyewe hanipi maneno mengi hivyo," akasema, nusu akicheka na nusu ameumia, na usiku ule nilimpakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe wa kumtosha.

Baba mkwe hakuiacha nthoni. Uani aliendelea kukohoa na mimi nikaendelea kusogea. Lakini mara kwa mara, nikiwa jikoni, kikohozi kilikuja karibu na mbao, kikifuatiwa na swali. Aliniuliza inakuwaje kompyuta mbili zisipewe anwani moja. Aliniuliza kama anwani inabaki ya mashine ile milele ama inarudishwa. Nikamweleza kwamba inakopeshwa kwa muda, na mashine ikiondoka anapewa mwingine.

"Hiyo ni busara," akasema kutoka ng'ambo ya mbao. "Ningependa mashamba ya hapa yagawanywe hivyo."

Mama mkwe akamjibu kabla yangu, akamwambia aanze na lake.